AFYA NYUMBANI: Kidonge cha Alfajiri



Katika kijiji chako huenda yuko mama anayejifunika kanga mbili na blanketi wakati wenzake wanajipepea kwa joto. Asubuhi aamka amechoka kuliko alivyolala. Ngozi yake imekauka, nywele zapukutika, sauti imekuwa nzito, choo ni kigumu, siku zake za mwezi hazina utaratibu. Tena moyo wake umejaa huzuni ambayo mwenyewe haijui imetoka wapi. Majirani wasema amekuwa mvivu. Wengine wanong'ona kwamba amerogwa. Mume wake hajui amsaidieje.

Siku moja apelekwa hospitali, damu yake yapimwa, naye aambiwa: "Mama, tezi ya shingo yako haifanyi kazi ya kutosha. Meza kidonge hiki kila siku." Arudi nyumbani kwa furaha. Ameza siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Siku ya nne ajipima: baridi ni ile ile, uchovu ni ule ule, huzuni ni ile ile. Basi asema, "Dawa hii haina nguvu," akaiacha. Au ameza viwili kwa mara moja, apate nafuu upesi. Njia zote mbili ni za hatari, na watu wengi hupotea hapo.

Kwa hiyo juma hili twataka kila nyumba ikumbuke neno moja: dawa ya tezi haipimwi kwa joto la leo wala kwa furaha ya leo. Hupimwa kwa majuma. Kazi ya mgonjwa ni kuimeza kwa saa ile ile, tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu, kila siku. Sasa tueleze sababu zake.

KIRANGOZI WA MWILI

Tezi ya shingo ni kiungo kidogo kilicho mbele ya koo, chini ya kongomeo. Umbo lake lafanana na kipepeo aliyekunjua mabawa. Kwa mtu mzima uzito wake ni kama gramu 20 tu. Walakini kazi yake ni kubwa. Hutengeneza dawa ya mwili iitwayo thairoksini, na damu huipeleka kila mahali: kwenye moyo, tumbo, misuli, ngozi na ubongo.

Wenyeji wa Tabora wajua habari za misafara ya zamani iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe, kisha ikaendelea mpaka Ujiji. Mbele ya wapagazi alitangulia kirangozi. Kazi yake kubwa ilikuwa kuongoza njia na kuamua mwendo. Kirangozi akienda polepole, msafara mzima wenda polepole. Akienda mbio, wapagazi wachoka na kuanguka. Ndivyo ilivyo tezi ya shingo. Haipigi damu kama moyo, wala haisagi chakula kama tumbo, bali yaonyesha mwendo. Ikipunguza kazi, moyo hupiga taratibu, tumbo hulala, joto hupungua, na mawazo huwa mazito. Ikizidisha kazi, moyo hudunda, mikono hutetemeka, jasho hutoka, usingizi hupotea, na mtu huwa mwepesi wa hasira.

Mara nyingi tezi huharibika kwa sababu askari wa mwili, wale wanaopigana na magonjwa, huikosea na kuishambulia kana kwamba ni adui. Wengine tezi yao imekatwa na daktari kwa sababu ya uvimbe. Wengine wamezaliwa nayo dhaifu. Na wengine wameikosesha chakula chake, ambacho ni madini joto.

CHUMVI YA UVINZA NA MADINI JOTO

Hapo yafaa tuitazame chumvi. Kwenye njia ile ya kwenda Ujiji, karibu na mito ya Ruchugi na Malagarasi, ziko chemchemi za maji ya chumvi za Uvinza. Wataalamu waliochimbua mahali pale wameona kwamba watu walichemsha chumvi huko tangu miaka ipatayo 1500 iliyopita. Chumvi hiyo ilikuwa mali. Wapagazi waliibeba mbali, na watu wa nchi nyingi walikuja kuitafuta.

Lakini chumvi, iwe ya chemchemi au ya bahari, kwa kawaida haina madini joto ya kutosha mpaka yatiwe. Kiasi kinachotakiwa ni kidogo mno. Mtu mzima ahitaji mikrogramu 150 kwa siku, na mama mjamzito 250. Gramu moja ni mikrogramu milioni moja. Basi hesabu mwenyewe: mtu akiishi miaka 70, madini joto yote aliyoyahitaji hayafiki gramu 4. Hata hivyo, akiyakosa, tezi huvimba ikawa rovu, na mtoto aliye tumboni huweza kuzaliwa na akili iliyopungua.

Katika nchi yetu ugonjwa huu ulionekana sana katika sehemu za milima, kama Mbeya, Iringa, Ruvuma na Rukwa. Miaka ya 1980 watu wa wilaya zilizoathirika sana walianza kupewa vidonge vya mafuta yenye madini joto. Miaka ya 1990 Serikali iliweka kanuni kwamba chumvi ya kula itiwe madini hayo. Kwa hiyo nunua chumvi iliyoandikwa kuwa ina madini joto. Iweke katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua na mvuke, na uitie chunguni chakula kikikaribia kuiva, kwa maana moto mwingi huyapunguza madini hayo.

Na mihogo je? Mihogo mibichi, hasa ile michungu, ina sumu ambayo ikiingia mwilini huizuia tezi kuyapata madini joto. Mambo hayo yalichunguzwa sana katika kisiwa cha Idjwi, katika ziwa Kivu upande wa Kongo, ambako rovu lilikuwa jingi. Iloweke mihogo vema, ianike, ndipo uisage. Usifanye haraka hata wakati wa njaa.

Walakini sikiliza hili: chumvi ni kinga. Mtu ambaye tezi yake imekwisha kuharibika au kukatwa haponi kwa kula chumvi nyingi. Huyo ahitaji kidonge. Wala asinunue sokoni au kwa wachuuzi makopo ya dawa zinazosifiwa kwamba "zafufua tezi". Baadhi yana madini joto kupita kiasi, na madini yakizidi nayo huiharibu tezi.

DAWA HII ILIPATIKANAJE

Mwaka 1891 mganga mmoja wa Uingereza, George Murray, alimtibu mama wa miaka 46 ambaye tezi yake ilikuwa imekauka. Alimpiga sindano ya maji yaliyokamuliwa katika tezi za kondoo. Mama yule, aliyekuwa akingojea kufa, alipata nguvu, akaishi miaka 28 zaidi. Siku ya Noeli, tarehe 25 Desemba 1914, mtaalamu wa Marekani, Edward Kendall, alifaulu kuipata thairoksini yenyewe ikiwa safi. Mwaka huo huo reli ya kati ilikuwa imefika Kigoma. Mwaka 1927 wataalamu wa Uingereza wakaweza kuitengeneza bila tezi ya mnyama. Kidonge cha siku hizi kiitwacho levothairoksini ndicho hicho: ni kitu kile kile ambacho tezi yenyewe ingalitengeneza.

JOTO LA MWILI LINA SAA ZAKE

Sasa tuje kwenye kosa la kujipima kila saa. Watu wengi hudhani joto la mwili ni moja tangu asubuhi hata usiku. Sivyo. Kwa mtu mwenye afya joto hushuka sana kati ya saa kumi na saa kumi na mbili alfajiri. Baadaye hupanda polepole, likafika juu jioni, tangu saa kumi hata saa mbili za usiku. Tofauti yake ni kama nusu digrii, na mara nyingine hukaribia digrii moja. Hali hiyo ni kwa wote: mgonjwa na mzima, mzee na kijana.

Misafara ya zamani iliondoka alfajiri, jua likiwa bado halijawa kali, ikatua kabla ya adhuhuri. Palipokosekana maji walifanya tirikeza: waliondoka mchana, wakalala njiani bila maji, wakayafikia siku ya pili. Wapagazi waliijua baridi ya alfajiri, wakakoka moto. Hakuna aliyesema njia ina ugonjwa kwa kuwa asubuhi alitetemeka. Nasi wa Tabora twaijua baridi ya asubuhi ya mwezi wa Juni na Julai. Basi mgonjwa wa tezi akiamka na baridi, asiseme mara moja kwamba kidonge cha jana kimeshindwa. Na akipata joto jioni, asiseme kwamba kidonge cha asubuhi ndicho kimefika sasa. Ni saa za mwili tu.

Kina mama wana jambo jingine. Yai likisha toka katika sehemu yake, joto la asubuhi hupanda kidogo, likakaa hivyo mpaka siku za mwezi. Mume na mke wanaofuata njia ya asili ya kupanga uzazi walijua jambo hili, nao huandika joto la kila asubuhi. Kazi hiyo ni njema, lakini karatasi ile haikuandikwa kwa ajili ya kuihukumu tezi. Tena tezi ikiwa dhaifu, siku za mwezi huvurugika na karatasi huwa ngumu kusoma. Mama wa namna hiyo amwambie mwalimu wake wa njia ya asili na mganga wake pia.

Mwaka 1942 mganga wa Marekani, Broda Barnes, aliandika kwamba joto la kwapani asubuhi laweza kuonyesha ugonjwa wa tezi. Wengi walimfuata, na hata leo wako wanaomfuata. Lakini imeonekana kwamba joto lashuka na kupanda kwa sababu nyingi mno: usingizi mbaya, njaa, hali ya hewa, mwezi wa mama, na hata namna ya kushika kipimajoto. Kipimo cha kuaminika ni kile cha damu.

Kipimajoto kina kazi yake. Kikionyesha digrii 37.5 au zaidi kwapani, hiyo ni homa. Usiitafutie sababu katika tezi. Nenda zahanati upimwe malaria siku hiyo hiyo.

KWA NINI DAWA YAENDA POLEPOLE

Kidonge cha levothairoksini hakifanyi kazi kama dawa ya kichwa, unayomeza na baada ya nusu saa umepona. Kikiingia mwilini hukaa. Baada ya siku 7 hivi nusu yake ingalimo. Kidonge cha leo chajumlishwa na masalio ya jana, ya juzi na ya juma lililopita, mpaka ghala ya mwili ijae kwa kiasi chake. Kujaa huko huchukua majuma sita hivi. Ndiyo maana mganga hukuambia, "Rudi baada ya majuma sita au manane tupime damu." Hakuambii hivyo kwa kukuchosha. Akipima mapema zaidi, atakuwa anapima ghala ambayo bado yajazwa.

Burton na Speke walitoka pwani mwezi wa Juni 1857, nao walifika Tabora tarehe 7 Novemba, baada ya siku 134. Hakuna mpagazi aliyeilaumu njia kwa kuwa siku ya nne hakuiona Tabora. Msafara hufika kwa vituo, kila siku kituo chake. Mpagazi aliyejaribu kupita vituo viwili kwa siku moja akiwa na mzigo kichwani, kesho yake hakuinuka.

Hivyo usimeze viwili kwa sababu leo umeamka na huzuni. Kuzidisha dawa siku baada ya siku huudundisha moyo vibaya, hasa kwa wazee, na hudhoofisha mifupa. Wala usiache kwa sababu sasa wajiona mzima. Wajiona mzima kwa kuwa wameza. Ukiacha, ghala itapungua polepole, nawe hutatambua mpaka baada ya majuma, hapo umekwisha kurudi pale ulipoanza.

Je, saa ya kumeza yabadilisha moyo wa mtu? Mwaka 2010 waganga wa Uholanzi walitangaza matokeo ya uchunguzi wao. Wagonjwa 90 walimeza kidonge asubuhi kwa miezi mitatu, na wakati wa kulala kwa miezi mitatu mingine. Dawa iliingia katika damu vizuri zaidi kidogo ilipomezwa usiku, lakini wagonjwa wenyewe hawakuona tofauti katika uchovu wala furaha yao. Maana yake nini? Saa yenyewe haina uchawi. Jambo kubwa ni tumbo tupu na kutobadilisha-badilisha.

NAMNA YA KUKIMEZA

1. Meza asubuhi mara uamkapo, kwa maji matupu. Ukimeza saa kumi na mbili, kula saa moja. Ngoja walau nusu saa. Saa nzima ni bora zaidi.

2. Chai, kahawa, maziwa na uji vingoje. Uji wa lishe wenye soya huzuia dawa kuingia katika damu. Haukukatazwa, illa usinywe pamoja na kidonge.

3. Asiyeweza asubuhi, kwa mfano mama anayekamua ng'ombe na kunyonyesha kwa wakati mmoja, amwulize mganga juu ya kumeza usiku. Hapo ni wakati wa kulala, saa tatu baada ya chakula cha mwisho. Akichagua usiku, na iwe usiku sikuzote.

4. Vidonge vya kuongeza damu, vidonge vya kalsiamu na dawa za kiungulia vitengwe na kidonge cha tezi kwa saa nne. Kidonge cha tezi alfajiri, cha damu saa saba mchana.

5. Ukisahau asubuhi, ukakumbuka siku hiyo hiyo, meza tumbo likiwa tupu. Ukikumbuka kesho yake, meza cha siku hiyo tu, usilipe deni bila shauri la mganga.

6. Vidonge vikae katika pakiti yake, mahali pakavu pasipo jua. Usiviweke juu ya figa wala dirishani. Miezi ya Septemba na Oktoba nyumba ya bati yawaka kama tanuru, basi vitafutie pembe yenye ubaridi.

7. Siku ya kupimwa damu, nenda asubuhi, wakati ule ule uliopimwa mara iliyopita. Meza kidonge baada ya kutolewa damu. Ujumbe ambao ubongo hutuma kwa tezi huongezeka usiku na kupungua mchana, kwa hiyo kipimo cha asubuhi na cha jioni havilingani.

Ukitaka usisahau, tundika kalenda karibu na mtungi wa maji, nawe utie alama kila siku. Mtoto aliye shuleni aweza kupewa kazi hiyo: "Bibi, umemeza?" Watoto hupenda kazi ya namna hii, nao hawasahau.

JUMAPILI NA SIKU ZA KUFUNGA

Wako waumini wanaoacha kidonge siku ya Jumapili wakiogopa kuvunja mfungo kabla ya Komunyo. Wasiogope. Zamani watu walifunga tangu usiku wa manane, hata maji hawakunywa. Papa Pio XII alilegeza sheria hiyo mwaka 1953, akaruhusu maji. Leo kanuni ya 919 ya sheria ya Kanisa yataka mtu ajinyime chakula na kinywaji kwa saa moja walau kabla ya kupokea, illa maji na dawa. Kwa hiyo kidonge chako na maji yako havikuzuii kwa Bwana. Hata siku ya Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, meza dawa yako.

Na jirani zetu Waislamu, walio wengi mjini Tabora, wakati wa Ramadhani waulize mganga mapema. Wengi hupangiwa kumeza usiku, muda mrefu baada ya futari, au nusu saa kabla ya daku. Hivyo hawakosi saumu wala dawa.

MAMA MJAMZITO NA MTOTO MCHANGA

Hapa hakuna kuchelewa. Mtoto tumboni hana tezi inayofanya kazi katika majuma ya kwanza. Ubongo wake waanza kujengwa kwa thairoksini ya mama yake. Mama aliyekuwa akimeza kidonge kabla ya mimba mara nyingi huhitaji kuongezewa kipimo, tena mapema. Akikosa siku zake na kudhani ana mimba, asingoje tumbo lionekane. Aende kliniki juma hilo hilo, aseme wazi, "Nameza dawa ya tezi." Asiache dawa kwa kuogopa kumdhuru mtoto, maana kuiacha ndiko kunakomdhuru.

Kliniki atapewa vidonge vya kuongeza damu. Ni vizuri, avimeze. Wengi huvimeza pamoja na cha tezi ili wasisahau, na kwa njia hiyo chuma hukikamata kidonge cha tezi tumboni kisiingie katika damu. Mama ameza kila siku, na bado tezi yake yakosa dawa. Saa nne katikati zaweza kuiokoa akili ya mtoto.

Baada ya kuzaliwa, mtoto anayelala mno, asiyenyonya kwa nguvu, anayekawia na umanjano wa macho, mwenye ulimi mkubwa na kitovu kilichojitokeza, apelekwe hospitali upesi. Akianzishwa dawa katika majuma mawili ya kwanza, aweza kukua na akili yake timamu. Akicheleweshwa miezi, hasara yake hairudishiki.

MOYO MZITO

Neno la mwisho ni kwa wale wanaoishi na mgonjwa. Tezi dhaifu huleta huzuni ya kweli. Si uvivu, si deko, wala si uchawi. Mume, ukiona mke wako amekaa kimya jikoni na kazi hazijafanyika, usianze kwa makaripio. Mwulize kama amemeza, mwulize lini arudi kupimwa, mpeleke kwa baiskeli ikiwa njia ni ndefu. Katika mkoa wetu hospitali ya rufaa ni Kitete, mjini Tabora. Mganga wa zahanati atakuandikia barua na kukuonyesha mahali damu itakapopimwa.

Walakini tusiitwike tezi kila mzigo. Ghala ikisha jaa, na damu ikionekana iko sawa, lakini huzuni haiondoki, basi iko sababu nyingine: pengine upungufu wa damu, pengine msiba usiosemwa, pengine ugonjwa wa huzuni wenyewe, ambao nao una dawa. Mgonjwa akisema amechoka kuishi, usimwache peke yake, nenda naye kwa mganga siku hiyo. Kuongeza kidonge cha tezi hakutamfaa.

Basi, ndugu msomaji, kama kidonge hiki kimo nyumbani mwako, fanya jambo moja leo. Hesabu majuma sita tangu siku mgonjwa alipoanza kumeza bila kukosa, utie alama kwenye kalenda. Kabla ya alama hiyo msiulizane, "Je, dawa yafaa?" Ulizeni tu, "Je, leo imemezwa kwa maji, kabla ya chai?"